Mingazi yetu ya Lwiro: maneno ya komite mbele ya wanachama



Leo komite imeomba nafasi ya kusema juu ya mingazi. Wengi wenu mumetuuliza njiani na sokoni: "Ile miti itazala siku gani?" Tunajibu mbele ya wote, maana makuta iliyonunua mbegu ni yenu.

Mnakumbuka tulivyoanza. Wakati wa ukimbizi kule Kigoma, wengi wetu tulifanya kibarua mu mashamba ya michikichi. Ni muti ule ule tunaouita hapa mungazi. Tulijifunza kukata vichala, kupika matunda na kukamua mawese. Tuliporudi, tukaona vile bido moja ya mawese inakula pesa ya nyumba, tukasema: na sisi tupande. Tukaleta mbegu, tukafanya pepinieri, tukagawa miche. Ikashika vizuri. Hapo ndipo tulijidanganya: tuliona majani, tukafikiri ni mafuta.

Sasa ni mwaka wa sita. Kule kwenye joto, mungazi uliotunzwa unaanza kuzaa mwaka wa tatu ao wa nne. Hapa kwetu mingi ingali mifupi. Michache imetoa vichala vidogo, na matunda mengi yamenyauka kabla ya kuiva.

Hakuna aliyeloga miti hii, na mama waliopalilia hawakuwa wavivu. Sababu ni baridi. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya bahari. Lwiro iko karibu mita 1,700. Ukipanda mita 1,000, joto linapungua kama digrii 6. Kwetu wastani wa mwaka ni kama digrii 20, na usiku mara nyingi inashuka chini ya 15. Mungazi unataka digrii 24 mpaka 28. Mche ukifika kwenye 15, unasimama kukua. Haufi, unangoja tu jua lirudi, na kesho usiku unasimama tena. Mvua tunayo, udongo mzuri tunao, lakini hakuna mbolea inayoleta joto.

Jambo hili lilijulikana zamani. Kampuni ya Lever ilipopewa ardhi ya mawese Kongo mwaka 1911, ilienda bondeni, sehemu kama Lusanga. Hapa kwetu, penye kituo cha kilimo cha Mulungu na watafiti wa Lwiro, wazungu walipanda kahawa, chai na kinkina. Wazee wetu walifanya kazi mu mashamba hayo. Tungewauliza, wangetuambia. Hatukuwauliza.

Kuna ndugu aliyetuambia: "Lakini Ulaya kuna mitende, hata kwenye teluji!" Ni kweli. Kuna aina moja kutoka milima ya China inayovumilia teluji, na Bukavu vilevile mnaona mitende ya mapambo mbele ya nyumba. Hiyo ni jamaa ya mungazi, lakini haina mawese. Mtu akikuuzia mche, muulize kwanza: huu unazaa nini?

Kuna pia mbegu za mungazi zinazovumilia baridi kidogo. Wataalamu wa Costa Rica walizipata kwa kuchanganya miti ya milima ya Bamenda, Kameruni, na ile ya Kigoma, pamoja na aina nyingine. Mbegu za namna hiyo zilipelekwa magharibi mwa Kenya. Lakini upande ule wa Ziwa Victoria, penye maji ni mita 1,134 tu. Kwetu ni juu zaidi. Kwa hiyo hatuwezi kuwaahidi kitu.

Komite inapendekeza mambo manne, mtayapigia kura leo.

La kwanza, pepinieri ya mingazi ifungwe. La pili, pesa iliyobaki isiguswe mpaka wafadhili wajibu. Tunawaomba watukubalie kuitumia kununua mawese kwa wingi huko Fizi na Mwenga wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, tuyaweke depo na kuwauzia wanachama bila faida. La tatu, mwenye mingazi yake asing'oe kwa hasira. Kama haifuniki maharagi, iache. Vijiti vya majani vinafanya mafagio. Kama inafunika, kata, chakula kwanza. La ine, tangu leo muti wowote mpya tuujaribu kwanza kwenye mashamba matatu, tuone matunda, ndipo pesa ya chama itoke.

Mama mmoja alituambia wiki iliyopita: "Mimi nilipanda kumi na mbili pahali pa mihogo. Nani atanirudishia ile mihogo?" Hatukuwa na jibu. Wenye walipoteza nafasi ya chakula waandikishe majina kwa katibu, na wawe wa kwanza kupata vijiti vya mihogo na miche ya avoka na kahawa, miti ambayo milima hii inaijua.

Wafadhili, hatukuiba na hatukuficha. Tulikosea kwa kupenda kile tulichokizoea ukimbizini. Tumerudi nyumbani, tunapaswa kujifunza nyumbani upya.

Sasa tunasikiliza maulizo.