Baba Asiye na Jalada: Mhadhara wa Umma, Kongwa

Wanafunzi wa sekondari mliojibanza viti vya nyuma, nawaona, na sehemu kubwa ya maneno yangu leo ni yenu.

Habari za Kongwa na ukombozi mmezisikia tangu shule ya msingi, kwa hiyo nitazipitia mbiombio. Waingereza walikuja mwaka 1947 kulima karanga. Mvua ikawagomea, udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji, na walipokata tamaa mwaka 1951 walikuwa wamepoteza takribani pauni milioni 36. Kuanzia 1964 eneo walilolitelekeza likawa kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO, SWAPO, ANC, MPLA, ZAPU. Samora Machel aliishi hapa. Wapiganaji wa SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, waliopambana na polisi wa Afrika Kusini kule Omugulugwombashe tarehe 26 Agosti 1966 walikuwa wametoka kambi hii. Tunajivunia hayo, na tuna haki ya kujivunia.

Lakini kambi ilikuwa na watu, na watu hugombana. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana saba wa SWAPO waliorudi kutoka mafunzo China waliwalalamikia viongozi wao waziwazi. Wakaishia mahabusu Dar es Salaam. Mwaka 1967 kamanda wa kwanza wa jeshi la SWAPO, Tobias Hainyeko, aliuawa kwenye mto Zambezi. Msaidizi wake, Leonard Philemon Shuuya, aliyejulikana kwa jina la Castro, akatuhumiwa kuwa jasusi wa Makaburu. Alikaa katika magereza ya Tanzania hadi katikati ya miaka ya 1980, bila kusomewa mashtaka mbele ya hakimu.

Sasa fikirieni mtoto aliyezaliwa hapa mwaka 1966, mama Mgogo, baba mpiganaji kutoka kusini. Watoto wa namna hiyo walikuwepo, na wazee mlio hapa mnawafahamu kuliko mimi. Mwaka 1982 ametimiza miaka 16. Baba hayupo. Jirani mmoja anasema alikufa vitani, mwingine anasema alifungwa, wa tatu ananong'ona kwamba alikuwa msaliti. Mama, akiulizwa, anaanza kupepeta mtama. Huyu kijana aende wapi?

Lau baba yake angeshtakiwa, pangekuwa na pa kuanzia. Bibi Titi Mohamed na wenzake walishtakiwa kwa uhaini mwaka 1970, mashahidi wakahojiwa hadharani, hukumu ikasomwa. Unaweza kuipinga hukumu ile kwa nguvu zako zote, na wapo wanaoipinga, lakini kuna karatasi mkononi ya kubishana nayo. Mtoto wa aliyewekwa kizuizini hana hata hiyo. Sheria ya mwaka 1962 ya kuweka watu kizuizini ilimpa Rais mamlaka ya kumfungia mtu bila kesi, na ikaizuia mahakama isiihoji amri yake. Hakuna shahidi aliyeapa, hakuna utetezi ulioandikwa. Mara nyingi tunasema ukweli "umefichwa". Kwa mtazamo wangu, katika mambo haya tatizo ni zito zaidi: sehemu kubwa ya ukweli haikuwahi kutafutwa. Tuhuma ilitosha.

Tazameni kesi ya Andreas Shipanga. Alikamatwa Zambia mwezi Aprili 1976 pamoja na viongozi wenzake waliokuwa wakidai mkutano mkuu wa SWAPO. Mkewe alihangaika mahakamani Lusaka akitaka mumewe afikishwe mbele ya jaji. Julai ya mwaka huohuo Shipanga na wenzake wakahamishiwa Tanzania, ambako mlango wa jaji ulikuwa umefungwa kwa sheria niliyoitaja. Waliachiwa mwaka 1978. Mwalimu Nyerere tunamheshimu, nami ni mmoja wa wanaomheshimu, ila jambo hili lilifanyika katika serikali yake na halina sababu ya kusemwa kwa kunong'ona.

Hapo ndipo ndugu wa wafungwa hawa hukwama. Ukiiuliza serikali mwenyeji, jibu jepesi ni kwamba hayo yalikuwa mambo ya ndani ya chama chao. Ukikiuliza chama, funguo za gereza hazikuwa mikononi mwake. Kila mmoja anakuelekeza kwa mwenzake, na wewe nauli inakwisha.

Kuna kikwazo kingine ambacho wanahistoria tunakigusa mara chache. Wapiganaji wengi walitumia majina ya vita. Mtoto huyu wa Kongwa ameandikishwa shule kwa jina la vita la baba, kwa sababu ndilo pekee ambalo mama alilisikia. Rejesta ya gereza huenda ina jina la kuzaliwa. Orodha ya chama huenda ina la tatu. Kijana anapeleka barua yenye jina sahihi kabisa kwake, karani anapekua kwa uaminifu, anajibu: hayupo. Wala karani hajadanganya.

Mambo yamebadilika kiasi. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba kwa marekebisho ya 1984. Tume ya Jaji Nyalali iliitaja sheria ile ya kizuizini miongoni mwa sheria 40 kandamizi. Tangu 2016 tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, lakini haki hiyo ni ya raia. Maana yake mjukuu aliyeko Kongwa anaweza kuomba. Binamu yake aliyeko Oshakati, Namibia, damu ileile, hawezi. Na vitabu tisa vya Mradi wa Hashim Mbita vilivyotoka 2014, kazi kubwa ninayowahimiza mwisome, vimekusanya zaidi sauti za waliopigana na kushinda.

Namibia kwenyewe jeraha hili liko wazi zaidi. Tarehe 4 Julai 1989 watu 153 waliokuwa wamefungwa na SWAPO kule Angola walirudi Windhoek wakiwa hai, na tangu hapo familia za wasiorudi hazijanyamaza.

Kijana anayeuliza lazima aambiwe mapema kwamba jibu linaweza kumuumiza. Majasusi wa kweli walikuwepo, Makaburu hawakulala. Huenda baba alikuwa mmoja wao, huenda alisema tu kwamba chakula cha viongozi ni kizuri kuliko cha askari. Mtu mzima hana ruhusa ya kumchagulia mtoto jibu lipi kati ya hayo analiweza.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa historia wa wilaya hii. Likizo ijayo watumeni wanafunzi kwa bibi zao waliouza maziwa na pombe kando ya kambi. Waandike kila jina la mpiganaji wanalolikumbuka, la vita na la nyumbani, alitoka nchi gani, alionekana mara ya mwisho lini, nani alikuja kumchukua na kwa gari la nani. Waandike nakala mbili. Moja ibaki shuleni. Nyingine tutaipeleka Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, tukiambatanisha ombi la kuona rejesta za magereza za 1966 hadi 1985, na waombaji wawe ninyi wenyewe, wenye vitambulisho vya uraia.