Umenisalimia Kwanza?
(Mazungumzo na vijana, baada ya Asri)



Vijana wenzangu, mama zangu na baba zangu, nimeombwa nizungumze juu ya kazi yangu ya kupiga picha, hasa kuwapiga watu picha katika nchi za wenyewe. Sitarefusha, najua koo zimekauka.

Nani hapa hajaiona ile picha ya msichana wa Kiafghani, mwenye macho ya kijani na shela nyekundu iliyotobokatoboka? Basi wacha nikupe kisa chake.

Aliyeipiga ni Mmarekani, Steve McCurry. Si mtu mwoga huyu. Mwaka 1979 aliingia Afghanistan kwa siri akitokea Pakistan, kavaa nguo za kienyeji, na mikanda yake ya filamu akaitoa huko imeshonewa ndani ya nguo. Walimwengu wengi wakaijua vita ile kwa picha zake. Nalisema hili mapema kwa sababu sikuja hapa kumtukana mtu. Wakimbizi wanahitaji kuonekana, ama sivyo husahauliwa.

Mwishoni mwa 1984 alikuwa katika kambi ya Nasir Bagh, karibu na Peshawar. Akaingia hema moja lililofanywa darasa, akaomba ruhusa kwa mwalimu, akapewa. Humo alikuwamo msichana wa miaka kama 12. Akampiga picha chache, mambo ya dakika chache tu, na mtoto akaenda zake. Juni 1985 uso wake ukatoka kwenye jalada la jarida la National Geographic, ukazunguka dunia nzima. Jina lake je? Halikuandikwa popote.

Simama hapo kidogo, ndugu yangu. Ruhusa alitoa mwalimu. Mtoto mwenyewe ni Mpashtuni, na kwao msichana wa umri ule ameshaanza kujisitiri mbele ya mwanamume asiye wa nyumbani. Katika picha za siku hiyo hiyo iko moja ambayo ameuziba uso kwa shela, kaikamata kwa mikono miwili, macho tu ndiyo yaonekanayo. Hebu nawe itazame, usikilize inasema nini. Alipokuja kuulizwa ukubwani, alisema alikasirika. Mgeni yule hakumjua, na hajapata kupigwa picha kabla ya hapo.

Alitafutwa mwaka 2002, miaka 17 baadaye, akapatikana Afghanistan. Sharbat Gula ndilo jina lake, keshaolewa, ana watoto. Walihakikisha ni yeye kwa kulinganisha mboni za macho yake na zile za kwenye picha. Siku hizo ndipo alipoionyeshwa kwa mara ya kwanza. Hesabu mwenyewe: watu wameitundika ukutani huko Ulaya na Marekani, na mwenye uso hajaiona!

Jarida lile liligharimia matibabu ya familia yake na safari ya Hija, tena likaanzisha mfuko wa kuwasomesha wasichana wa Kiafghani. Wema ni wema, tusiukatae. Lakini Oktoba 2016 alikamatwa Peshawar kwa kuwa na kitambulisho cha Pakistan kisicho halali, akawekwa ndani, na Novemba akarudishwa kwao. Wakimbizi wangapi wana karatasi za namna hiyo, wakapita bila mtu kuwageukia? Mwaka 2017 serikali ya huko ikampa nyumba Kabul. Taliban waliporudi madarakani 2021, Italia ikampokea. Mwenyewe amewahi kusema kwamba picha ile ilimletea matatizo kuliko faida.

Sisi wa Pwani hili twalijua kutoka upande wa pili. Nani hajamwona mtalii pale Lamu akijibanza nyuma ya punda ili awapate akina mama na mabuibui yao? Tunakasirika, na tuna haki. Sasa mimi niliyekasirika, nikavuka mpaka na kamera yangu, nikafanya nini?

Nilikuwa Unguja, soko la Darajani, zamani kidogo, bado natumia filamu. Kulikuwa na bibi mmoja anauza ndimu, mwanga umemwangukia vizuri sana. Nikainua kamera. Akaniangalia, akasema taratibu, "Mwanangu, umenisalimia?"

Wallahi niliona haya. Nikashusha kamera, nikasema shikamoo, nikanunua ndimu za shilingi chache nisizokuwa na kazi nazo. Tukazungumza habari za Mombasa, ana jamaa zake Kibokoni. Nilipomwomba picha, akakataa! Akacheka, akasema kaa kwanza unywe maji. Nikakaa. Picha yake sinayo.

Leo kila mmoja wenu ana kamera mfukoni, na haingoji hata kusafishwa filamu. Wako hapa watakaojaaliwa Umra kumi la mwisho. Utamwona mzee wa Kiindonesia analia mbele ya Al-Kaaba, mikono juu, na simu yako iko tayari. Yule hana habari nawe. Hajui utamtuma wapi, na wala huna lugha ya kumuuliza.

Mimi nimeshasema yangu. Adhana bado kama dakika 10 hivi, mwenye swali aulize. Akina dada pia, msikae kimya huko nyuma.