Injini ya Dizeli kwa Pikapu za Vyama Vyetu

Hotuba iliyosomwa mjini Babati mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, katika maadhimisho ya mwaka wa kumi wa Chama Kikuu



Wasemaji waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za mazao na hisa. Sisi tulio katika kazi ya magari tumeombwa kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa sura ni dogo, lakini kwa mfuko wa chama ni kubwa.

Baadhi ya vyama vyetu vina pikapu za zamani za Toyota Hilux zinazotumia petroli. Chasisi zake zingali imara, na mabati yake fundi aweza kuyanyoosha. Lakini injini zimechoka, nazo zanywa mafuta kuliko kazi zinayoifanya. Limeletwa shauri kwamba injini hizo zitolewe, na mahali pake ziwekwe za dizeli. Shauri ni jema, lakini lazaa swali: injini ipi? Fedha itakayotumika imetoka katika mahindi ya Gallapo, mpunga wa Magugu, mbaazi na alizeti za Bonga. Hapana haki ya kuitumia kwa kubahatisha.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Usemi huo ni wa kweli kwa jembe, kwa kuwa mpini ukivunjika asubuhi, mwenyewe huchonga mwingine jioni. Injini haichongwi. Kwa hiyo yatupasa kuchagua, na kuchagua kwa hesabu.

Hesabu ya kwanza ni hii: je, yafaa kubadili hata kidogo? Tuchukue mfano. Pikapu ya petroli iende kilomita 7 kwa lita moja, na ya dizeli iende kilomita 10. Gari likitembea kilomita 1,400 kwa mwezi, la petroli litatumia lita 200, la dizeli lita 140. Akiba ni lita 60. Bei ya lita ikiwa shilingi 3,000, akiba ni shilingi 180,000 kwa mwezi. Kazi yote ya kubadili ikigharimu shilingi 5,400,000, fedha hiyo itarudi kwa miezi 30. Lakini gari likitembea kilomita 500 tu kwa mwezi, fedha ile ile itarudi kwa miaka 7. Basi chama ambacho gari lake hulala wiki nzima, likaamshwa siku ya mkutano, kisibadili. Kila katibu na aweke namba za gari lake, na bei za mafuta za mwezi huo zitangazwazo na EWURA, kabla ya kuleta ombi.

Mwajua kwamba injini hii ilichukua jina la Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani, ambaye mwaka 1897 aliionyesha dunia injini yake ikifanya kazi mjini Augsburg. Siri yake ni kuibana hewa. Injini nyingi za petroli huibana hewa ndani ya silinda mara 9 au 10 hivi, kisha cheche ya plagi huwasha mafuta. Injini ya dizeli ya namba 3L, tutakayoitaja hivi punde, huibana mara 22, hata hewa yenyewe ikapata moto wa kuwasha mafuta bila cheche. Ndiyo sababu dizeli hupata nguvu nyingi kutoka katika lita moja, na huvuta vizuri hata ikizunguka polepole. Ndiyo sababu pia vyuma vyake ni vizito, na pampu yake yataka mafuta safi.

Sasa tutazame njia zetu. Tangu mwaka 2018, ilipozinduliwa barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati yenye kilomita 251, safari ndefu zimekuwa nyepesi. Lakini mazao hayaoti kando ya lami. Gari letu hutoka ghalani likaingia tope la bonde la Kiru, au likapanda mteremko mkali wa Dareda kwenda Bashnet na Dongobesh. Tena mji wetu uko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, na nchi ya Mbulu iko juu kuliko hapa. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza kadiri ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo wako wasemao: tutafute injini yenye nguvu kuliko zote. Hapo ndipo twawaomba mtusikilize kwa makini.

Injini zinazoletwa mbele yetu na wauzaji ni za makundi manne.

Kundi la kwanza ni 2L, 3L na 5L za Toyota. Zina silinda nne na hazina tabo. Ukubwa wake ni sentimita za ujazo 2,446, 2,779 na 2,986. Zile zenye pampu ya kimekanika, bila kompyuta, ndizo tunazozisemea. Nguvu zake si nyingi, wala hazifichi jambo hilo.

Kundi la pili ni zenye tabo, kama 2L-T na 1KZ-TE. Tabo husukuma hewa ndani, na mlimani huonekana faida yake. Lakini injini hizi mbili zajulikana na mafundi kwa ugonjwa wa kichwa cha silinda kupasuka zikizidiwa na joto. Na gari lenye rejeta iliyoziba, likipanda Dareda likiwa limesheheni, haliko mbali na ajali hiyo.

Kundi la tatu ni injini za kisasa kama 1KD-FTV, zinazoongozwa na kompyuta. Zina nguvu, zina utulivu, na mafuta hazili mengi. Lakini mafuta hupita katika noseli zake kwa msukumo unaozidi mara 1,000 ule wa hewa ya kawaida. Maji kidogo au uchafu kidogo wa dumu huziharibu, na bei ya noseli hizo yaweza kuumeza ushuru wa msimu. Tukumbuke kwamba uchakachuaji wa mafuta uliwahi kuisumbua nchi hii, hata Serikali ikaanza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili yasichanganywe na dizeli.

Kundi la nne ni injini kubwa, kama 1HZ ya Land Cruiser, yenye silinda sita na sentimita za ujazo 4,164. Ni injini ya kuheshimiwa. Lakini ni ndefu na nzito. Kuiingiza katika pikapu ndogo ni kukata vyuma, kubadili springi za mbele, na kulibebesha gari mzigo kabla ya mzigo. Tena nyingine hutolewa katika magari ya umeme wa volti 24, hali pikapu zetu ni za volti 12.

Ushauri wetu, Ndugu Mwenyekiti, ni kwamba pikapu za Hilux ziwekwe 3L yenye pampu ya kimekanika, na kwa vyama vya milimani ikubaliwe 5L, ambayo ni ya ukoo uleule. Sababu yetu kubwa si nguvu. Ni kwamba injini za ukoo huu zilibeba abiria nchini kwa miaka mingi katika mabasi madogo ya Hiace. Kwa hiyo fundi wa Babati azijua kwa mkono, na vipuri vyake vyapatikana Arusha bila kungoja meli. Tani moja, yaani magunia 10 ya kilo 100, wala si ya lumbesa, itapanda Dareda kwa gia ya pili. Itapanda polepole, lakini itafika. Na kesho yake itapanda tena.

Chama chenye pikapu ya Isuzu kisiitupe asili yake. Kitafute injini ya Isuzu, kama 4JA1 ya sentimita za ujazo 2,499, ili vishikizo na giaboksi vikubaliane.

Sasa juu ya kazi yenyewe. Wengi hudhani kubadili injini ni kutoa moja na kutia nyingine. Yako mambo sita yasiyosahaulika. Kwanza, kasha la klachi la petroli halikubali injini ya dizeli. Inunuliwe injini pamoja na giaboksi yake. Pili, dizeli huzunguka polepole, basi difu iangaliwe, isije gari likalia barabarani kwa mwendo mdogo. Tatu, tangi lisafishwe hata pasibaki petroli, na liwekwe bomba la pili la kurudisha mafuta, pamoja na chujio la kutenga maji. Nne, betri iwe kubwa, na nyaya za plagi za kupasha moto ziwe nene, kwa ajili ya asubuhi za baridi. Tano, rejeta iwe ya dizeli na iwe nzima. Sita, nalo ni la uhai: breki za pikapu nyingi husaidiwa na mvuto wa hewa utokao katika injini ya petroli. Dizeli haina mvuto huo; hutegemea pampu ndogo, ambayo katika 3L imefungwa nyuma ya altaneta. Fundi akiiacha pampu hiyo, gari litawaka na litakwenda, lakini mteremkoni breki itakuwa ngumu kama jiwe. Gari lisipokelewe kabla jambo hili halijajaribiwa.

Wakati wa kununua, iwe Arusha au Gerezani Dar es Salaam, mjumbe asiende peke yake. Aende na fundi. Injini iwashwe ikiwa baridi. Moshi mweupe usiokoma, moshi wa buluu, mapovu katika rejeta, au oili iliyogeuka rangi ya maziwa, ni dalili za kumrudisha mtu nyumbani na fedha zake. Mgandamizo wa kila silinda upimwe. Na mkanda wa taimingi ubadilishwe kabla injini haijafungwa, kwa kuwa ukikatika njiani, valvu na pistoni hugongana, na mkanda wa bei ndogo huua injini nzima. Rahisi huvunja upishi.

Tena sheria isidharauliwe. Kadi ya gari itolewayo na Mamlaka ya Mapato huonyesha namba ya injini, ukubwa wake na aina ya mafuta. Injini ikibadilika, kadi nayo ibadilishwe, na bima iarifiwe. Hati ya kununulia itunzwe ofisini, ili chama kisije kikatuhumiwa kwamba kimenunua mali ya wizi.

Twamalizia kwa neno ambalo ndilo kiini cha hotuba hii. Chama kimoja kikinunua 3L, kingine 1KZ, kingine TD27 ya Nissan kwa sababu muuzaji ni shemeji wa mtu, tutakuwa na magari mengi na upweke mwingi. Kila moja litakwama kwa ugonjwa wake, na kipuri cha jirani hakitalifaa. Lakini tukikubali injini za ukoo mmoja, stoo moja ya Chama Kikuu yaweza kuweka mikanda, noseli, machujio na gasketi za wote. Fundi mmoja akifundishwa, wote wamefundishwa. Na gari la Magugu likiharibika katikati ya mavuno, la Gallapo laweza kuliazima pampu, kazi ikaendelea. Wazee wetu walianza ushirika kwa sababu mkulima mmoja mbele ya mnunuzi ni mnyonge. Mbele ya muuzaji wa vipuri pia, mkulima mmoja ni mnyonge vilevile.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ukubali kwamba hakuna chama kitakachobadili injini kabla ya kuleta hesabu ya kilomita zake, na kwamba kitakachobadili kitafuata injini iliyokubaliwa na wote. Shauri sasa li mikononi mwenu wenye mali.