Kupatanisha Mitambo Miwili ya Sauti

Fungueni madaftari, shikeni penseli. Leo tutasoma namba zilizoandikwa nyuma ya mtambo wa muziki. Ni namba ndogo, na watu wengi hawazitazami. Lakini asiyezitazama aweza kutoa fedha ya dagaa ya mwezi mzima, akanunua mtambo mkubwa, na akiufikisha nyumbani sauti ikatoka ndogo kuliko ile ya mtambo wake wa zamani.

Kwanza tujue majina. Katika sabufa ya kawaida kazi zote zimo ndani ya sanduku moja, na aliyeitengeneza amekwisha kuzipatanisha. Lakini wako watu wanaopenda kununua mitambo miwili mbalimbali. Wa kwanza huitwa priamplifaya. Huo hupokea sauti kutoka katika simu, redio au santuri, na ndio wenye vitufe vya kuongeza sauti na besi. Wa pili huitwa pawa amplifaya. Kazi yake ni kuipa sauti ile nguvu ya kusukuma spika.

Je, umepata kuona watu wakipandisha boti kubwa ya mbao ufukweni? Mmoja huimbisha, wengine huitikia na kuvuta. Mwimbishaji hawezi kuivuta boti peke yake. Lakini akiimbisha kwa kunong'ona, wale wenye misuli hawamsikii, nao husimama tu wameshika kamba. Priamplifaya ndiyo mwimbishaji. Pawa amplifaya ndiyo wavutaji.

Sasa tazama namba ya kwanza, nayo ni ya volti. Nyuma ya pawa amplifaya, au katika kitabu chake, huandikwa volti zinazotakiwa kuingia ili mtambo utoe nguvu zake zote. Tuseme imeandikwa volti 1 kwa wati 50, na spika yako ni ya omu 8. Ili kupata wati 50, spika yataka volti 20. Tuhakikishe: 20 mara 20 ni 400, gawanya kwa 8, utapata 50. Basi mtambo huu huzidisha volti mara 20.

Lakini priamplifaya yako, hata ukifungua sauti yote, yatoa nusu volti tu. Kwenye spika zitafika volti 10. Haya, 10 mara 10 ni 100. Gawanya kwa 8, utapata 12.5. Umeona? Volti zimepungua nusu, lakini wati zimebaki robo! Ulinunua wati 50, unasikiliza 12 na nusu. Muuzaji hakukudanganya, na wala mtambo haukuharibika. Ukirudi dukani kununua mkubwa zaidi, huenda ukarudi na shida ile ile.

Jambo hili si la jana. Huko Uingereza, pawa amplifaya iitwayo Quad II, iliyotoka mwaka 1953, ilitaka volti 1.4 ili itoe wati zake 15. Ile ya Leak TL/12 Plus, ya miaka hiyo hiyo ya 1950, ilitosheka na volti 0.125 hivi. Zote mbili zilikuwa mitambo mizuri. Ila kila kampuni ilitengeneza priamplifaya kwa kipimo cha mtambo wake yenyewe, na mwenye kutaka kuchanganya ilimpasa asome kwanza.

Namba ya pili ni ya omu, yaani kipimo cha ukinzani. Usiichanganye na zile omu 8 za spika. Priamplifaya ina ukinzani wa kutolea. Pawa amplifaya ina ukinzani wa kupokelea. Huo wa kupokelea uwe angalau mara 10 ya ule wa kutolea. Kwa nini? Fikiri bomba la maji uani. Ukifungua mdomo mdogo, maji hutoka kwa kasi. Ukifungua midomo mingi pamoja, kasi hupungua yote. Ukinzani mdogo wa kupokelea ni kama midomo mingi iliyofunguliwa. Omu 600 zikikutana na omu 10,000, hupotea kama volti 6 katika kila 100, wala sikio halitambui. Lakini priamplifaya nyingine za zamani, za vali, zina ukinzani mkubwa. Omu 10,000 zikikutana na omu 10,000, nusu ya volti hupotea. Na nusu hiyo mmekwisha kuiona ilivyozifanya wati.

Volti zikizidi, nako kuna taabu: ukigusa kitufe kidogo tu nyumba nzima inalia, na sauti hukwaruza. Hapo punguza kwa kitufe cha pawa amplifaya, kama kipo. Kamwe usichomeke waya wa spika mahali pa kupokelea sauti. Waweza kuunguza mtambo. Zima mitambo kabla ya kugusa nyaya. Wakati wa kuwasha, pawa amplifaya iwe ya mwisho. Wakati wa kuzima, iwe ya kwanza.

Mara nyingine mitambo miwili ikiunganishwa hutoa mvumo, mmm, usiokoma. Wako wanaokata waya wa ardhi katika plagi, na mvumo hukoma kweli. Ndugu, usifanye hivyo! Waya ule ndio unaokulinda sanduku la chuma likishika umeme. Jaribu kuchomeka mitambo yote miwili kwenye soketi za ukuta mmoja, na uweke nyaya za sauti mbali na nyaya za umeme. Ikishindikana mwite fundi, wala usifungue sanduku mwenyewe, kwa maana ndani hubaki umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

Sasa andikeni hesabu hii. Pawa amplifaya yataka volti 1 ili itoe wati 72 kwenye spika ya omu 8. Priamplifaya yatoa robo volti. Spika itapata wati ngapi? Kila mtu afanye katika daftari lake, asimchungulie jirani.