Dari Mpya Katika Nyumba ya Zamani



Reli ilipofika ufukoni mwa Ziwa mwaka 1901, mahali palipoitwa wakati ule Port Florence, nyumba za mabati ziliifuata. Katika Kisumu zimebaki nyumba za zamani ambazo kuta zake ni imara bado, lakini dari zimelegea, zimejaa madoa ya maji na mavi ya popo. Mwenye nyumba wa namna hiyo akipata fedha kidogo hutamani dari nyeupe ya mbao za jasi, ambazo mafundi huziita jipsamu.

Hilo ni shauri jema. Dari hupunguza joto la bati wakati wa adhuhuri, tena huzuia mbu waingiao kwa kupitia upenuni. Uchunguzi uliofanywa katika eneo la mashamba ya mpunga magharibi mwa Kenya, na kutangazwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba hata dari ya mikeka ya mafunjo hupunguza sana mbu wa malaria nyumbani.

Lakini jasi si mkeka. Ubao mmoja wa futi 4 kwa 8 waweza kuzidi kilo 20, nao huning'inia juu ya vichwa vya watoto waliolala. Watu wengi hununua jipsamu nzuri, kisha huibania fremu.

Kwanza paa lizibwe, kwa maana jasi ikilowa hulainika na kuanguka. Popo watolewe, na afagiaye mavi yao afunge pua na kinywa. Kila boriti igongwe kwa nyundo; ikilia kama debe tupu, mchwa wamekwisha kula, nayo hapana budi ibadilishwe.

Kosa lililo kubwa ni kupigilia fremu moja kwa moja kwenye kenchi za zamani. Kenchi hizo zimepinda kwa uzito wa miaka, na dari itapinda nazo. Fundi mwenye akili huchukua mpira wa maji, akatia alama zilizo sawasawa katika kuta zote nne, akanyosha uzi. Halafu mbao za mbili kwa mbili huning'inizwa kutoka kwenye kenchi kwa vipande vya mbao, kimoja kirefu, kingine kifupi, mpaka zote ziguse uzi.

Nafasi ya mbao hizo ni inchi 16, kutoka katikati ya ubao mmoja hadi katikati ya wa pili. Kwa nini 16? Kwa sababu futi 8 ni inchi 96, yaani 16 mara 6. Hivyo kila jipsamu ikilazwa kukatiza mbao hizo, ncha zake hukoma katikati ya ubao. Ikikoma hewani, ufa utatokea. Kipimo kisianzie ukutani, maana kuta za zamani mara nyingi hazina pembe za mraba, bali kwenye uzi ulionyoshwa katikati ya chumba.

Mbao ziwe kavu. Mbao mbichi, hata zikiwa rahisi sokoni, hujikunja zikikauka.

Mwisho, kiachwe kilango cha kupandia darini, ili mvua ya kwanza ya masika ikinyesha mwenye nyumba apande na taa, atazame bati na nyaya za umeme.