Ngoma na Kinyago Katika Kudai Haki
(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Wako miongoni mwetu wanaouliza chama cha siasa kina shauri gani na ngoma. Wasema tuzungumze bei, mishahara na kura, ngoma tuwaachie watu wa harusi. Swali lao si la kudharauliwa, na ili kulijibu twawaomba mtoke nasi hapa visiwani, twende bara, kusini kabisa, Masasi, kisha Newala katika nchi ya Wamakonde iliyoinuka juu ya mto Ruvuma.

Mwaka 1905 vita vya Maji Maji viliifikia Masasi, na misheni ya Waingereza, iliyokuwapo tangu 1876, ikachomwa moto. Mwaka wa pili yake, nchi ingali na majivu, alifika Mjerumani mmoja, Karl Weule wa Leipzig. Alikaa Masasi, kisha akapanda Newala, na mizigo yake ilikuwa na chombo cha kunasia sauti na kingine cha kupigia picha za kutembea. Watu aliowakuta walikuwa wamekwisha kushindwa kwa bunduki, lakini ngoma zao walikuwa nazo. Sauti alizozinasa zikaenda Ulaya; waimbaji walibaki kwao, na walijua wenyewe nini cha kumwimbia mgeni na nini cha kumficha.

Misheni nayo ilijifunza jambo. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu 1926, aliona kuwa jando haliwezi kupigwa marufuku na likafa, akalitia ndani ya kanisa na kulibadilisha. Wengine humsifu kwa hilo. Sisi twaona kwamba hapo mwenye nguvu ndiye aliyelazimika kuja uwanjani.

Lakini tuitazame zaidi ile ngoma ya vinyago, iitwayo midimu huko Newala na mapiko ng'ambo ya Ruvuma. Mchezaji hujifunika mwili mzima, na asiyepita jandoni haambiwi ni nani aliyemo. Huambiwa kuwa ni mzimu. Fikirini, ndugu, faida ya jambo hilo kwa watu waliotawaliwa. Ng'ambo ya Ruvuma wachongaji walichonga sura ya Mreno, wakaivaa, wakamcheza mbele ya watu wote. Akida au polisi atamkamata nani? Mtu hufungwa, mzimu utafungwa wapi?

Wamakonde wengi walivuka mto kuukimbia utumishi wa nguvu wa Wareno, wakaja na tindo zao. Tarehe 16 Juni 1960 watu waliokusanyika Mueda kudai haki zao walipigwa risasi. Mwaka 1964 vita vya ukombozi vikaanza. Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO aliyeuawa kwa bomu Dar es Salaam mwaka 1969, ameeleza katika kitabu chake jinsi wachongaji hao walivyotumiwa na mapadri kuchonga sanamu za dini, nao wakazigeuza: mama mtakatifu akapakatishwa shetani, padri akapewa miguu ya mnyama, na mama aliyepaswa kumlilia mwanawe aliyekufa akainua mkuki. Waliolipia kazi ile hawakuwa wote wenye macho ya kuona walichonunua.

Wala sisi wa pwani hatukosi yetu. Siti binti Saad aliimba hapa Unguja juu ya dhuluma mahakamani, na Bibi Titi Mohamed, kabla ya kusimama jukwaani kwa ajili ya TANU mwaka 1955, alikuwa mwimbaji wa ngoma. Vyama vya wanawake vya ngoma ndivyo vilivyompa umati wa kuanzia.

Sasa tuseme lisilopendeza. Baada ya uhuru wa Tanganyika iliundwa mwaka 1962 wizara ya utamaduni, na sindimba ya Wamakonde ikachezwa na kikundi cha taifa, ikafundishwa mashuleni. Ilikuwa heshima. Lakini zamani za chama kimoja ngoma zikazoeshwa kusifu, na mpaka leo mkubwa akishuka katika ndege hukuta wachezaji wamesimamishwa juani tangu asubuhi. Watu ni wale wale waliokuwa na ngoma ya kumcheka mkubwa. Sisi hatuiti hilo kuhifadhi utamaduni.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, twaleta shauri mbele ya mkutano. Matawi yetu yasilipe kikundi chochote kuwasifu wagombea wetu. Yakitoa msaada, uwe wa ngozi za ngoma, nauli na chakula, na maneno wajitungie wenyewe juu ya karafuu, korosho, maji, au lolote linalowauma. Na siku wimbo utakapotucheka sisi, viongozi wa mbele wakaupige makofi, na mtunzi asitafutwe.