Jua na Hewa

Watu huuliza: ikiwa kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, ki karibu na jua kutupita sisi, mbona kina theluji? Jawabu ni hili: miali mingi ya jua hupenya hewani, ikaipasha moto ardhi; nayo ardhi ndiyo ipashayo hewa tokea chini, mfano wa jiko na sufuria. Hewa ya juu ni nyepesi, huhifadhi joto kidogo tu.

Mvuke na mawingu ni blanketi letu. Usiku wa kipupwe usio na mawingu ardhi hupoa mno. Hewa ya baridi, kwa uzito wake, huteremkia bondeni, umande ukaganda, viazi vikaungua. Basi ninyi wa Njombe, viazi vya kipupwe vipandeni mahali palipoinuka, msije mkakosa chakula.